Ini Lenye Mafuta, Moyo Ulio Hatarini

Mtu akiambiwa kwamba ini lake lina mafuta, huwazia kansa au ini kusinyaa. Hofu hiyo si ya bure, lakini kinachoongoza kwa kuwaua wagonjwa hawa ni maradhi ya moyo na mishipa. Kiungo kati ya mambo haya mawili ni insulini. Mwili ulioshiba kupita kiasi bila kazi huacha kuitii, mafuta ya kitambi yanamiminika kwenye damu hadi kwenye ini, na sukari ya ziada inalifanya ini litengeneze mengine. Yakizidi asilimia 5 ya ini, huhesabiwa kuwa ugonjwa. Kufikia hapo ini huyarudisha kwenye damu na kumwaga sukari hata mtu akiwa ameshiba, na mishipa huanza kuziba.

Wapo wanaosema mafuta hayo ni dalili tu, si chanzo. Hoja yao ina nguvu kuliko inavyodhaniwa: waliorithi badiliko fulani la jeni ya PNPLA3 hujaza mafuta kwenye ini kwa urahisi, lakini hatari yao ya moyo haipandi sambamba. Kwangu, hilo linaonyesha kuwa mkosaji mkuu ni insulini isiyotiiwa, na ini ndilo linalomfichua mapema. Basi daktari akiyaona mafuta hayo, apime pia shinikizo la damu, sukari na kolesteroli. Mnene akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito, mara nyingi vyote hupata nafuu pamoja.