Ndege Inayojengwa na Nyumba Moja

Miongoni mwa tafrija alizozibuni mwanadamu ili aupumzishe mwili baada ya kazi na kuifurahisha nafsi baada ya masumbuko, ni chache mno ziwezazo kuwakusanya baba, mama na watoto mahali pamoja, kila mmoja akiwa na shughuli yake na pasiwe na hata mmoja aliye mtazamaji tu. Kandanda huwachukua vijana na kuwaacha wazee ukingoni. Bao huwashughulisha wazee na kuwachosha watoto. Na televisheni, ijapokuwa huwaketisha wote katika chumba kimoja, aghalabu huwafumba midomo. Kuunda ndege ndogo ya mfano na kuirusha kwa amri ya mawimbi ya redio ni tafrija ya namna nyingine, kwa kuwa kazi zake ni nyingi na za aina mbalimbali, hata hapana mtu mmoja katika nyumba awezaye kuzidai zote kuwa zake: mmoja atapima na kukata, mwingine atabandika kwa gundi, wa tatu ataunga nyaya, na mdogo wao, mwenye macho makali na vidole vyepesi, huenda akawa ndiye rubani.

Nauleta mchezo huu mbele ya watu wa Katumba kwa makusudi. Katumba, iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, kandokando ya reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda, ilifunguliwa mwaka 1973 kuwa makazi ya watu walioikimbia Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Watu hao walikuta msitu wa miombo, wakaufyeka. Wakajenga nyumba pasipokuwa na nyumba. Wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Na kuanzia mwaka 2014 maelfu yao, pamoja na wenzao wa makazi ya Mishamo na Ulyankulu, wakakabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Jamaa iliyoanza hivyo haihitaji kuhubiriwa fadhila za kazi ya mikono. Na watoto wa vijiji vyetu, huko na kwingineko, ni mafundi kabla hawajajua kusoma: huunda magari ya waya yenye usukani na magurudumu yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa, na hurusha tiara za karatasi na njiti. Aliyeweza kuifanya tiara itulie juu ya upepo amekwisha kuionja elimu ya mabawa. Kilichosalia ni kumwonyesha kwamba elimu hiyo inaendelea mbele.

Elimu hiyo ina tarehe ndefu, na kila ukurasa wake una kitu kilichovunjika. Katika karne ya 9, huko Cordoba ya Andalusia, mtaalamu mmoja aliyeitwa Abbas ibn Firnas alijivika manyoya na mabawa akajitupa kutoka mahali pa juu. Wanatarikh husimulia kwamba alikwenda hewani kitambo, lakini alipotua aliumia mgongo, na sababu waliyoitaja ni kwamba hakujifanyia mkia, ilhali ndege hutulia chini kwa msaada wa mkia wake. Mkia huo ulipata bwana wake wa kuueleza baada ya karne nyingi. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alikirusha kijindege ambacho rafadha yake ilizungushwa na mpira uliosokotwa, na ambacho nyuma yake kilikuwa na mkia mdogo wa kukituliza. Nacho kikaenda takriban mita 40 kwa sekunde 11, peke yake, bila mkono wa mtu.

Siku ya pili yake, tarehe 19 Agosti, alizaliwa huko Marekani Orville Wright. Mwaka 1878 baba yake, Askofu Milton Wright, alirudi safarini na hidaya ya watoto: kitu cha kuchezea cha mwanzi, kizibo na karatasi nyepesi, kilichopaa kwa mpira uliosokotwa kwa kufuata fikra za Pénaud yule yule. Wilbur, kaka yake Orville, alikuwa na umri wa miaka 11 na Orville miaka 7. Hidaya ile ilivunjika upesi. Wavulana wakaunda nyingine, kisha kubwa zaidi, wakastaajabu kuona kwamba kila walipoizidisha ukubwa ndivyo ilivyozidi kukataa kupaa. Mastaajabu hayo hayakuwatoka, na tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao waliruka kwa eropleni waliyoiunda wenyewe. Yafaa tukumbuke kwamba askofu yule hakuwa mhandisi. Alilolifanya ni kukileta kitu nyumbani, akawaachia wanawe uhuru wa kukivunja na wasaa wa kukiunda upya.

Redio nayo iliingia mchezoni kwa mlango wa udugu. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyotii amri zilizopita hewani, lakini ndege ilikuwa jambo gumu zaidi, kwa kuwa vyombo vya redio vya zama zile vilikuwa vizito. Ndugu wawili pacha wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Walter na William Good, waligawana taabu hiyo: Walter alikuwa fundi wa kuunda ndege, William alikuwa hodari wa redio, na mwaka 1937 ndege yao waliyoiita Guff ilipaa na kuongozwa kutoka chini. Lau kila mmoja angalifanya peke yake, mmoja angalibaki na ndege isiyosikia amri na mwingine na amri zisizo na wa kuzitii. Ndege hiyo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Vyombo vya leo ni vyepesi, na kanuni zake si za kuogofya. Mrushaji hushika rimoti yenye vijiti viwili, ambavyo kwa pamoja hutoa amri nne: kuongeza au kupunguza kasi ya rafadha, kuinua au kushusha pua, kugeuza mkia, na kulaza bawa upande mmoja. Amri hizo hupokewa na kijisanduku kilichomo tumboni mwa ndege, nacho huviamrisha vimota vidogo vivute nyaya za chuma zilizofungwa kwenye vibao vya mabawa na vya mkia. Mafundi wa ng'ambo hupenda kuunda kiwiliwili cha ndege kwa balsa, mti mwepesi uletwao hasa kutoka Ecuador. Lakini nyumba ya Katumba yaweza kutumia mwanzi, mlingoti wa mkonge uliokauka, na lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Mninga, ambao ni fahari ya kitanda na kabati, hauna nafasi hapa kwa sababu ya uzito wake.

Kazi ya kuunda ikiisha, huja mtihani ambao hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuusimamia. Ndege huwekwa juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, mahali palipo takriban robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele. Nayo yapasa itulie sawasawa au iinamishe pua kidogo. Ikiangukia mkia, haifai kurushwa mpaka pua iongezwe uzito, na kipande kidogo cha risasi chatosha: madini yale yale ambayo kwa ajili yake reli ya Mpanda ilijengwa, mgodi ulipokuwa ukichimbwa zama za ukoloni. Mkuu wa nyumba akipuuza mtihani huo kwa haraka au kwa kiburi, ndege itapanda wima, itasimama, na itamwangukia mbele ya wanawe wote.

Wakati wa kurusha nao una adabu zake. Masika hayafai; kiangazi, mahindi yakiisha kuvunwa na mashamba yakawa wazi, ndicho msimu wake. Nchi ya Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja katika kumi, na jua la mchana huizidisha wepesi. Kwa hiyo ndege iliyoelemewa mizigo itachelewa kupaa, na saa zinazofaa ni za asubuhi mapema au za jioni, upepo ukiwa mtulivu. Mrushaji huielekeza ndege upande utokako upepo, si mgongoni mwa upepo, maana bawa hupata nguvu kwa hewa linayokutana nayo.

Hapo ndipo utaratibu wa nyumba hupinduka kwa namna ya kuchekesha na kufunza. Ndege ikienda mbali, kulia kwake ni kulia kwa aliyeishika rimoti. Ikigeuka ikarudi kumwelekea, kulia kwake huwa kushoto kwa mrushaji, na mikono ya mtu mzima, iliyokwisha zoea mambo kwa njia moja, huchanganyikiwa. Mtoto hujifunza hesabu hiyo upesi. Baba aliyezoea kuamuru hujikuta akisema, "Mwanangu, niokoe," na mwana aliyezoea kuamriwa hupokea dhamana ya mali ya nyumba nzima mikononi mwake. Heshima ya mzazi haipungui kwa jambo hilo. Bali mtoto hujua kwamba elimu haina umri, na mzazi hujua kwamba anayemlea si chombo kitupu.

Hata hivyo ndege itaanguka, na hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wa vitu vya kuchezea hawalitangazi. Mmarekani Maynard Hill, aliyeunda ndege za mfano maisha yake yote, aliazimia kuivusha moja bahari ya Atlantiki, na za kwanza zilipotea. Mwezi Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 77 na macho yake yakiwa yamekaribia kupofuka, yeye na wenzake waliirusha nyingine kutoka Cape Spear nchini Kanada. Nayo, yenye uzito usiotimia kilo 5, ilikwenda saa 38 na dakika 52 hata ikatua Ireland. Mzee huyo hakuiona ndege yake vizuri hata ilipokuwa karibu naye, lakini vidole vyake vilikuwa vimejifunza kwa kila iliyotangulia kuzama.

Asije mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya wenzetu. Kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha za ramani kwa vijindege vya povu vyenye uzito usiofika kilo moja, vilivyorushwa kwa mkono, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa warushaji. Mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani. Mwaka 2018 ilijaribiwa safari ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Viktoria, kwa muda wa dakika 40 hivi. Bawa, mkia, rafadha na uzito wa pua ni vile vile vya ndege ya mchezo.

Kwa sababu hiyo sheria nayo inahusika. Kanuni za mwaka 2018 za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania zinazitaka ndege zinazoongozwa kutoka chini ziandikishwe na ziwe na kibali. Basi nyumba itakayo kurusha iulize kwanza. Aidha, ijiepushe na njia za ndege zinazotua Mpanda, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na nyaya za umeme, na mikusanyiko ya watu. Na betri zake zisichajiwe usiku watu wakilala, maana zikiharibika huwaka moto.

Najua litakuja swali la gharama, nalo ni swali la haki, kwa kuwa rimoti na mota si vitu vya bei ya kibiriti. Jibu langu ni kwamba mwanzo hauhitaji mota. Ianze ndege ya kurushwa kwa mkono, ya mwanzi na povu, ambayo gharama yake ni gundi na jioni chache. Na itakapoweza kuruka vizuri, nyumba tatu au nne, pamoja na mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu, zichangie chombo kimoja. Na siku ndege ya kwanza itakapovunjika, mzazi asimkemee mtoto wala asiifungie ndege kabatini, bali aulize mbele ya wote ni nini kilichoshindwa, kisha akate povu jingine. Kununua ndege kwahitaji fedha tu. Kuitengeneza mara ya pili kwahitaji nyumba nzima, na faida ya mchezo huu imo humo.