Kupiga kambi kaskazini mwa Kitui: Mambo ya kupanga kabla ya kufunga safari

WAKENYA wengi wanapotajiwa safari ya kupiga kambi huwaza Maasai Mara, Naivasha au Mlima Kenya. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ukiupita mji wa Mwingi na kushika njia ya kaskazini, unaingia katika eneo ambalo bado lina misitu mikavu ya migunga na mibuyu inayoenea hadi kingo za Mto Tana.

Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Mwingi, iliyojulikana zamani kama Hifadhi ya Kitui Kaskazini. Ilitangazwa rasmi mwaka wa 1979 na ina ukubwa wa kilomita 745 mraba. Upande wake wa mashariki kuna mbuga ya Kora, katika Kaunti ya Tana River, ambako mhifadhi wa simba George Adamson aliishi hadi alipouawa na majambazi Agosti 1989.

Uzuri wa eneo hilo ndio pia hatari yake. Hakuna hoteli wala duka la karibu, na mtandao wa simu hupotea kwa masafa marefu. Kosa dogo ambalo katika mbuga yenye wageni wengi lingerekebishwa kwa dakika chache, huko laweza kugharimu uhai.

Idhini kwanza

Kisheria, mbuga za taifa husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ilhali hifadhi za taifa huwa chini ya serikali za kaunti. Kwa hivyo, anayetaka kulala katika hifadhi ya Mwingi anapaswa kuwasiliana na serikali ya Kaunti ya Kitui na pia maafisa wa KWS walio karibu. Anayenuia kuendelea hadi Kora atalipia ada zake kwa KWS kupitia mfumo wa eCitizen. Ni busara kulipa mapema, akiwa bado mahali penye mtandao.

Mawasiliano hayo si ya ada tu. Maafisa hao ndio wajuao njia ipi inapitika, ndovu wako wapi, na iwapo kuna uhasama wowote kati ya wakulima na wafugaji wanaoingia na ngamia kutafuta malisho. Migogoro ya aina hiyo imewahi kuzuka mara kadhaa katika mpaka wa Kitui na Tana River. Kukodi askari wa wanyamapori wa kuandamana na kundi ni gharama inayofaa kuwekwa katika bajeti tangu mwanzo.

Majira na mito ya msimu

Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo wakulima wa huko huitegemea zaidi. Miezi inayofaa kwa kambi ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba.

Mito mingi ya Kitui huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua inaponyesha vilimani, hata ikiwa ni mbali sana, maji huteremka ghafla na kuufunika mchanga huo kwa muda mfupi. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililokuwa likiwapeleka wanakwaya harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Maji yaliyofunika barabara huficha kina chake na nguvu zake. Mto ukifurika, dereva hana budi kusubiri yapungue au kurudi alikotoka. Vivyo hivyo, hema halipigwi kamwe kwenye mchanga wa mto mkavu, hata mbingu zikiwa safi.

Tana nayo ina tabia yake. Mto huo hupitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kufika eneo hili. Mabwawa yakijaa na kufurika, kama ilivyokuwa mwaka wa 2018 na 2024, maji hupanda huku chini hata kama papo hapo hapajanyesha tone. Zaidi ya hayo kuna mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hurudi kwa njia ile ile, hivyo hema lililo katikati ya njia yake li hatarini. Kambi iwe juu, mbali na ukingo na mbali na vijia vya wanyama.

Hesabu ya maji

Kundi la watu wanne watakaokaa siku nne linahitaji mpango usio wa kubahatisha. Katika joto la huko, kila mtu atengewe lita tano za kunywa kwa siku na lita mbili za kupika na kunawa. Hizo ni lita 112. Ukiongeza akiba ya siku moja, lita 28, jumla ni lita 140, yaani mitungi saba ya lita 20. Uzito huo ni kilo 140 kabla ya mtu yeyote kupakia hema lake, na gari lazima lichaguliwe kwa kuzingatia hilo.

Ni kweli kwamba wenyeji, Wakamba na Watharaka, huchimba visima katika mchanga wa mito na kupata maji hata wakati wa kiangazi. Kitui pia inasifika kwa mabwawa ya mchanga, ambayo ni kuta zinazojengwa kukatiza mto ili mchanga ujae na kuhifadhi maji ndani yake. Lakini visima hivyo vina wenyewe. Mgeni aombe ruhusa, na maji atakayopewa ayachemshe.

Gari liwe la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, lenye tairi mbili za akiba, jeki, sepetu na kamba ya kuvutia. Tangi lijazwe Mwingi, na mafuta ya ziada yabebwe katika mtungi imara. Gari likizama mchangani, kupunguza upepo wa tairi husaidia zaidi kuliko kukanyaga mafuta.

Afya

Chandarua na dawa ya kufukuza mbu ni lazima. Sehemu hizi pia zimewahi kukumbwa na ugonjwa wa kala-azar, unaoenezwa na usubi wanaopenda kujificha katika vichuguu. Hema lisipigwe karibu na kichuguu, na yeyote atakayepata homa isiyoisha au kukonda majuma au miezi kadhaa baada ya safari amweleze daktari mahali alikolala.

Nyoka, wakiwamo kifutu, swila na koboko, ni wengi. Aliyeumwa asichanjwe, jeraha lisifyonzwe, wala kiungo kisifungwe kwa kukazwa. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, na akimbizwe hospitalini. Si kila zahanati ina dawa ya sumu ya nyoka. Kabla ya kuondoka, kundi liulize ni hospitali ipi inayo, na lijue ni saa ngapi kufika huko kutoka kambini.

Wasio wazoefu

Anayepiga kambi kwa mara ya kwanza afadhali aanzie Makueni. Mbuga ya Chyulu, iliyoanzishwa mwaka wa 1983, ina lango lisilo mbali na Kibwezi, mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa na wenye kituo cha reli ya SGR. Hata hivyo, Chyulu ni milima ya volkano isiyo na mito. Mvua hupenya katika mawe na kuibukia mbali, zikiwamo chemchemi za Mzima. Maji ni ya kubebwa huko pia, na nguo nzito ni muhimu kwa kuwa usiku huwa na ukungu na baridi.

Popote aendako, msafiri aache nyumbani karatasi yenye majina ya walio safarini, nambari ya gari, njia watakayopitia, na siku na saa ya kurejea. Nakala ya pili abaki nayo afisa wa hifadhi au chifu wa eneo. Saa hiyo ikipita bila habari, msako uanze mara moja, kwa maana mtu aliyekwama katika nyika ya Kitui bila maji hana siku nyingi za kungoja.