Yellowstone: Hatari iko chini ya nyayo za mgeni

WATALII wanaozuru Mbuga ya Kitaifa ya Yellowstone, nchini Marekani, aghalabu huwahofia dubu na mbwamwitu. Hata hivyo, maji ya moto yamewaua watu wengi zaidi humo kuliko wanyama hao.

Mbuga hiyo, iliyotengwa mnamo 1872, imekalia volkano iliyo hai. Maji ya mvua na theluji hupenya ardhini, yakachemshwa na miamba yenye joto kali, kisha yakapanda tena. Pale njia inapobana, mvuke hukusanyika chini ya maji hadi ukayarusha hewani kwa kishindo. Chemchemi za namna hiyo ni zaidi ya 500. Ile mashuhuri, Old Faithful, huruka takriban kila baada ya dakika 90, maji yakapita kimo cha mita 30.

Ardhi inayozizunguka huonekana thabiti, kumbe mahali pengi ni ganda jembamba juu ya maji yanayotokota. Ndiyo sababu vijia vya mbao vimejengwa, na kuviacha ni kosa kisheria. Mnamo Juni 2016, kijana aliyekiacha kijia katika bonde la Norris aliteleza akatumbukia kwenye maji ya moto yenye asidi. Waokoaji waliporejea kesho yake hawakupata mwili.

Baisani naye, mnyama wa jamii ya nyati, huonekana mpole akila nyasi kando ya barabara. Amewajeruhi wageni wengi kuliko mnyama mwingine yeyote mbugani, na wengi wao ndio waliomsogelea. Sheria inataka umbali wa mita 23. Mbio zake ni mara tatu za binadamu.