Pengo Mbele? Cheki Rada ya Meno ya Kupandikiza Kabla Utoe Laki Yako

Ukishatoka Kiserian ukifuata barabara ya Magadi, kabla Bonde la Ufa lifunguke mbele yako, unapita Kona Baridi. Upepo wa pale hauna urafiki na mtu. Ukicheka juu ya nduthi na una pengo mbele, baridi inaingia hadi kwa ubongo.

Na mapengo Kajiado si machache. Kuna ya ajali za nduthi, kuna ya meno yaliyooza yakang'olewa juu kung'oa ni bei ya chini kuliko kutibu mzizi, halafu kuna lile la wazee wa Kimaasai: meno mawili ya chini katikati, yaliyotolewa wakiwa watoto. Sababu ambayo wengi huipeana ni pepopunda. Taya zikifunga, mgonjwa anapitishiwa maziwa au dawa hapo kwa pengo. Haikuwa urembo tu, ilikuwa akili ya watu waliokaa mbali na hospitali.

Wacha nianze na kitu ya bure. Jino la ukubwani likidunda chini saa hii baada ya kuanguka, usilitupe. Lishike kwa ile sehemu nyeupe, usiguse mzizi wala usilisugue. Likiwa na vumbi lisuuze haraka na maziwa, lirudishe kwa shimo lake, uma kitambaa safi na ukimbie kwa daktari wa meno. Ukiogopa kulirudisha, litumbukize kwa kikombe cha maziwa baridi. Una kama saa moja, na kila dakika inahesabika. Maziwa kwa mji wa wafugaji hayawezi kukosa, buda. Jino la utotoni ndo halirudishwi.

Umechelewa? Sasa ndo tuongee implanti. Ni skrubu ndogo ya titani inayofungwa ndani ya mfupa wa taya, mahali mzizi ulikuwa. Juu yake kunawekwa kiungo, halafu jino la bandia linafungwa hapo.

Siri iko kwa titani, na iligunduliwa kwa bahati. Mwaka wa 1952, mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa ameweka vifaa vya titani kwa mifupa ya sungura ili asome vile damu inapita. Akitaka kuvitoa, vikagoma. Mfupa ulikuwa umeshikana navyo kabisa. Mwaka wa 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa hana meno ya chini. Larsson alikufa 2006, na bado alikuwa anatafunia zile zile.

Sasa shida ni doo na subira. Kenya, implanti ya jino moja mara nyingi inavuka laki moja. Bima nayo uliza mapema, nyingi zinaita hiyo kitu urembo. Halafu mfupa haushikani kwa wiki. Hesabu miezi mitatu hadi sita kabla ya jino lenyewe kufungwa. Kuna wenye huwekewa jino la muda siku ile ile, lakini hiyo si ruhusa ya kutafuna mbavu za mbuzi.

Lile pengo la wazee liko na mambo yake. Mfupa usio na jino unaisha polepole, kwa hivyo jino likitolewa ukiwa mtoto, ukifika 25 mfupa unaweza kuwa mwembamba sana. Daktari anaweza kulazimika kuongeza mfupa kwanza, na hiyo ni bili ingine. Tena meno ya pembeni huwa yanasogea, na yale ya chini katikati ndo membamba kuliko yote mdomoni, so nafasi inaweza kukosa kutosha skrubu mbili. Wengine wanafaa zaidi na daraja la meno, au waya za kuvuta meno hadi pengo lifunge. Kama pengo halikusumbui, si lazima uguse chochote.

Na usikubali mtu akung'olee meno ya kahawia mazima ati akuwekee implanti. Ile rangi ni floridi. Maji ya visima vingi huku Kajiado yanapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Jino la hivyo linaweza kung'arishwa au kufunikwa kwa mbele likiwa bado limesimama kwa mzizi wake.

Chini ya miaka 18 usijaribu, taya bado inakua. Ukivuta fegi, ama sukari yako haijadhibitiwa, ama fizi zinatoa damu, sema ukweli kwa kiti, juu hapo ndo implanti nyingi hufeli. Jina la daktari lisake kwa orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, kabla utume hata deposti. Akikupa bei bila kupiga eksirei, amka uende.

Ukishawekewa, jino lenyewe haliwezi kuoza, lakini fizi inaweza kuoza kulizunguka, na mfupa ukiliwa skrubu inatingika. Mswaki mara mbili, uzi wa meno kila usiku, na daktari akucheki kila miezi sita hata kama hakuna kinachouma.