Vikaratasi vya Dukani na Hesabu ya Bamvua

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeisoma safu hii kwa sababu Jumamosi ulinikosa redioni, leo nataka tuzungumze juu ya vikaratasi. Sina maana ya noti, maana hizo kila mtu anajua pa kuziweka. Nazungumzia risiti, vocha, kuponi za punguzo la bei, na kile kipande cha boksi la sigara ambacho mwenye duka anakuandikia "kilo mbili sukari, sabuni mche mmoja, atalipa". Vitu hivi ni fedha. Lakini hebu tazama tunavyovitunza: kimoja kiko kwenye mfuko wa suruali, kingine chini ya godoro, kingine kimefungiwa karanga.

Habari hii nimeifuata mbali kidogo, Songo Songo. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina hilo kwa ajili ya gesi iliyogunduliwa huko mwaka 1974 na kuanza kuletwa kwa bomba hadi mitambo ya Ubungo mwaka 2004. Lakini Songo Songo kabla ya kuwa gesi ni kisiwa cha wavuvi, katika Wilaya ya Kilwa, na watu wake wanakula, wananunua na wanakopa kama wewe na mimi. Tofauti ni kwamba bidhaa za dukani zinafika kwa chombo kutoka bara, Kilwa Kivinje au Somanga, na kusi likivuma kwa nguvu chombo kinachelewa. Mwenye duka anakuwa mtu mkubwa sana siku hizo.

Huko nilikutana na mama mmoja ambaye jina lake nitamhifadhia. Ni mvuvi wa pweza na muuza maandazi. Ukutani kwake, nyuma ya mlango, amening'iniza mfuko aliojishonea kwa kanga iliyochakaa, wenye vifuko vinne kama ule wa kuwekea vitana na barua ambao bibi zetu walikuwa nao. Nikadhani ni pambo. Kumbe ndiyo ofisi yake ya fedha.

Kisa chenyewe kilianza na msiba. Baba mkwe wake alipofariki, pale makaburini ndugu walitangaza, kama ilivyo desturi ya watu wa pwani, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Baada ya siku chache akaja mwenye duka na daftari lake. Deni lilikuwa shilingi 86,000. Mama huyu ananiambia kwamba hakuna aliyemwita mwenye duka mwongo, kwani alikuwa mtu wa heshima na marehemu alikuwa akikopa kweli. Shida ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba upande wa marehemu hapakuwa na karatasi hata moja. Kijana mmoja alisema baba alikwisha kulipa 30,000 bamvua lililopita. Alilipa mbele ya nani? Mbele ya bahari. Familia ikachanga, ikalipa zote 86,000, kwa sababu kwa Waislamu deni la marehemu hutangulia mirathi, na hakuna aliyetaka mzee abaki na deni huko aliko. Lakini tangu siku hiyo nyumba mbili hazikusalimiana vizuri, na mwenye duka mwenyewe alidhoofika kwa ile shaka iliyomwangukia. Daftari moja, likishikwa na mtu mmoja, linamdhulumu hata yule anayelishika.

Hapa nikumbushe jambo ambalo masheikh wetu wanalijua kuliko mimi. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, haihusu sala wala funga. Inahusu kuandika deni, na kuweka mashahidi. Yule mama alinikumbusha hilo kwa kicheko: "Tunaisoma kila Ramadhani, mwanangu, halafu tunakwenda kukopa kwa mdomo."

Sasa, utaratibu wake. Kwanza alinunua kijidaftari cha shule na kumwomba mwenye duka kila anapoandika kwenye daftari lake aandike na humo, wakati uleule, kwa kalamu ileile. Mwanzoni mwenye duka alinuna, akaona anashukiwa. Baadaye aliona faida, maana watoto wanaotumwa hawawezi tena kuongeza biskuti juu ya deni la mama na kukana. Pili, na hapa ndipo penye akili, aliacha kupanga vikaratasi kwa aina ya bidhaa. Alijaribu hivyo mara ya kwanza: vya chakula huku, vya sabuni na mafuta ya taa kule, vya dawa peke yake. Anasema vilikuwa vimepangika vizuri sana na havikumsaidia kitu. Hakuna siku hata moja mtu alimjia akamwambia, "Leo nataka madeni ya sabuni." Watu walikuja kudai kwa siku.

Kwa hiyo akapanga kwa siku. Na siku za Songo Songo si tarehe thelathini ya mshahara. Wewe msikilizaji wa mjini unayengoja mwisho wa mwezi, fahamu kwamba mvuvi wa pweza ana miisho miwili kila mwezi, tena ya mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kukupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Miamba inabaki wazi, akina mama wanateremka kwa miguu na vijiti vyao vya kumtoa pweza shimoni, wanunuzi wanakuja na mizani, na fedha inaonekana. Katikati ya mabamvua mawili ni maji mafu. Bahari haitoki vya kutosha, mwamba unabaki chini ya maji, na hapo ndipo watu wanapokopa. Kwa hiyo kifuko cha kwanza cha mama huyu ni cha vikaratasi vya kulipwa bamvua hili. Cha pili ni cha bamvua lijalo. Cha tatu ni cha vilivyokwisha kulipwa, ambavyo havitupi mpaka bamvua mbili zipite bila mtu kuuliza neno. Kila bamvua likiisha, anakwenda dukani na kijidaftari, wanasoma kwa sauti yeye na mwenye duka, wanajumlisha, wanatia sahihi wote wawili chini ya mstari, wanafungua ukurasa mpya. Hesabu haizidi siku kumi na tano. Ukikosea, unakosea kidogo, na bado unakumbuka.

Nilipomsikiliza nilikumbuka mama yangu mzazi na kadi ya duka la kaya. Vijana hawazijui hizo. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikaukiwa. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya kupikia na khanga vilikuwa vya mgawo. Balozi wa nyumba kumi alijua kaya ina watu wangapi, na ukienda dukani bila kadi ulirudi na kikapu kitupu. Hali hiyo ilianza kulegea baada ya bajeti ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Mama yangu, ambaye alikuwa na mimi mgongoni miaka hiyo, alikuwa akiifunga kadi kwenye pindo la kanga, ndiyo benki ya wanawake wa pwani. Siku moja aliifua pamoja na kanga. Tulikaa bila sukari mpaka balozi alipoamini kwamba kile kibonge cha karatasi kilikuwa kadi. Anasimulia kisa hicho mpaka leo, na kila akisimulia kibonge kinazidi kuwa kidogo.

Dunia nzima imepitia mambo hayo. Waingereza waliishi na vitabu vya kuponi za chakula kuanzia Januari 1940 hadi Julai 1954, yaani miaka tisa baada ya vita kwisha. Wamarekani wao wana kuponi za aina nyingine, za kukata gazetini ili upunguziwe bei dukani. Coca-Cola ilikuwa ikigawa za kwake mwishoni mwa miaka ya 1880. Huko kuna akina mama wenye majalada yenye mifuko mifuko, na ubishi wao mkubwa ni uleule wa mama wa Songo Songo, yaani upange kwa aina ya bidhaa au kwa tarehe ya mwisho. Mimi nasimama na tarehe. Kuponi iliyopangwa vizuri na kupitwa na wakati ni karatasi ya kuwashia jiko.

Sisi wenyewe tumewahi kuwa na kuponi ya maana kuliko zote. Iliitwa Hati Punguzo. Ilianza mwaka 2004, na kufikia mwaka 2006 ilikuwa imeenea nchi nzima. Mama mjamzito akienda kliniki alipewa hati, akaipeleka duka lenye vyandarua, akaongeza fedha kidogo na kuchukua chandarua. Kuanzia mwaka 2009 nyongeza hiyo ilikuwa shilingi 500 tu. Mwenye duka naye aliipeleka hati juu na kulipwa kwa vyandarua vingine. Mpango ulikoma mwaka 2014. Ulikuwa mzuri, lakini fikiria hati hiyo ikiwa mkononi mwa mama aliye kisiwani na duka lenye chandarua liko bara. Ilibidi ingoje nauli, ingoje upepo, ingoje mume. Wakati huo iko wapi? Iko chini ya godoro, na mbu yuko juu ya godoro. Nina hakika ziko hati zilizokufa hivyo. Kwa karatasi kama ile, kifuko cha "bamvua hili" kingekuwa ni suala la malaria na uhai wa mtoto.

Sasa nije kwako wewe wa mjini, uliyeanza kusema moyoni kwamba hayo ni mambo ya visiwani. Mwaka juzi nilinunua jokofu katika duka moja ambalo sitalitaja. Nikapewa risiti ya mashine na maneno matamu kwamba likiharibika ndani ya mwaka nirudi nayo. Likaharibika mwezi wa tisa. Nikaitoa risiti kwenye pochi, ilipokuwa imelala ndani ya kile kifuko cha plastiki. Ilikuwa nyeupe pepe kama haijawahi kuandikwa. Nilimpa muuzaji, akaigeuza, akaniuliza, "Mzee, hii ni risiti au ni karatasi ya kufungia?" Mwandishi wa habari mzima, mwenye stashahada, nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Sababu yake ni nyepesi. Risiti hizi za mashine, ambazo tumezizoea tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika mwaka 2010, hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto la mashine. Jua, joto la gari, mafuta ya mkono, hata plastiki ya pochi, vyote vinaiharibu dawa hiyo. Kwa joto letu la pwani usiitegemee. Siku hiyohiyo uliyonunua kitu cha thamani, itoe nakala ya fotokopi au ipige picha kwa simu, halafu andika kwa kalamu mgongoni: nini, wapi, lini. Halisi uiweke ndani ya bahasha ya kaki, kabatini, mbali na dirisha. Songo Songo wana tatizo la ziada la chumvi ya upepo na mende, kwa hiyo yule mama vikaratasi vya mwaka mzima anavihamishia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko.

Mengine ni kubadilisha jina tu. Badala ya bamvua weka mshahara, au siku ya mchezo, au siku unayofunga hesabu ya kibanda chako. Ujumbe wa malipo ya simu na zile tarakimu ishirini za LUKU usizifute kabla umeme haujaingia na mwezi haujapita. Na zile kuponi za maduka makubwa za "nunua viwili upate cha tatu bure", tafadhali, ukikuta kuponi ni ya kitu ambacho hukuwa na nia ya kukinunua, usiipangie kifuko. Nimemwona mtu na makopo sita ya mchuzi wa nyanya na hana unga.

Wapo watakaosema simu imekwisha kuyamaliza haya yote. Sijaona. Simu inahifadhi kila kitu mahali pamoja, tena kwa mpangilio wa kilichoingia mwisho, na si wa kinachodaiwa kwanza. Simu ikiibwa kwenye daladala, imeondoka na daftari, mashahidi na mwenye duka.

Kabla sijapanda mashua kurudi Kilwa Kivinje nilimwambia mama yule kwamba amenieleza vifuko vitatu, na mimi ninaona vinne. Cha nne ni cha nini? Akasema hicho ni cha wanaodaiwa na yeye, wale wa maandazi ya mkopo. Nikakigusa. Kilikuwa kimejaa kuliko vyote, na mshono wake wa chini umeanza kuachia.