Theluji ya Montreal Inakopelekwa

Mji wa Montreal, ulioko katika jimbo la Quebec nchini Kanada, hupokea kwa wastani karibu sentimita 200 za theluji kila mwaka, na kwa kuwa baridi ya Desemba hadi Machi mara nyingi huizuia theluji hiyo isiyeyuke yenyewe baina ya dhoruba moja na nyingine, halmashauri haiwezi kuisukuma pembeni na kungoja jua. Theluji iliyosukumwa kando hujenga tuta juu ya tuta, huziba vivuko, na hatimaye huibana mitaa hadi magari ya zimamoto na ya wagonjwa yapite kwa shida. Kwa sababu hiyo kazi hugawanyika katika sehemu mbili zinazopaswa kutofautishwa: kusafisha, yaani kuisogeza theluji ili njia ipitike, na kuondoa, yaani kuipakia katika malori na kuihamisha kabisa.

Kazi huanza theluji ingali inaanguka, kwa kumwaga chumvi barabarani. Chumvi huyeyuka ndani ya utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu, na maji hayo yakishakuwa ya chumvi hayagandi tena katika nyuzi sifuri za Selsiasi kama maji matupu, bali huhitaji baridi kali zaidi. Katika maabara mchanganyiko uliokolea hubaki majimaji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, lakini barabarani nguvu yake hufifia mapema, baridi ikishapita takriban nyuzi 10 chini ya sifuri, na hapo hutumika changarawe ndogo, ambayo haiyeyushi chochote ila huzipa soli na tairi mahali pa kushika. Ikumbukwe pia kwamba kloridi iliyomo katika chumvi haiozi wala haivunjwivunjwi na bakteria, hivyo huishia katika udongo na mito baada ya kuchochea kutu katika vyuma vya madaraja na magari. Anayedhani kwamba chumvi nyingi zaidi ni usalama zaidi amekosea.

Baada ya chumvi hufuata magari yenye mabamba ya kusukumia theluji, makubwa kwa barabara na madogo ya minyororo kwa njia za waenda kwa miguu. Ikiwa theluji imefikia kiasi cha sentimita 10 hadi 15, kwa kawaida halmashauri huamuru upakiaji. Vibao vya rangi ya chungwa husimikwa mtaani kutangaza saa ambazo ni marufuku kuegesha gari, na kabla ya msafara kufika, gari la kuvuta hupita likipiga king'ora maalumu. Gari litakalokutwa hapo huvutwa na mwenyewe hutozwa faini, jambo ambalo mhamiaji aliyewasili karibuni kutoka Kongo au Burundi hana budi kulijua kabla ya dhoruba ya kwanza. Mashine yenye parafujo kubwa huila theluji iliyolundikwa na kuirusha kupitia bomba hadi katika lori linalotembea sambamba nayo. Kwa majira mazima ya baridi theluji inayobebwa hivi hukaribia mita za ujazo milioni 12, sawa na mizigo ya malori kama 300,000.

Mahali pa kuitupa ndipo penye ugumu wenyewe. Zamani sehemu yake ilimwagwa katika mto Saint-Laurent, zoea lililokomeshwa kwa kuwa theluji ya mitaani hubeba chumvi, mafuta, metali na takataka. Siku hizi sehemu moja hutumbukizwa katika mashimo yanayoshuka hadi kwenye mifereji mikuu ya majitaka, ambayo uvuguvugu wake huiyeyusha na kuipeleka kwenye kituo cha kusafishia maji. Nyingine hulundikwa katika viwanja maalumu, na mkubwa kuliko vyote ni Francon, shimo la machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa katika eneo la Saint-Michel, ambamo mlima wa theluji iliyoshindiliwa na kuchanganyika na mchanga huendelea kuonekana wakati wa kiangazi.

Katika jambo moja Montreal inastahili kuigwa: njia za waenda kwa miguu husafishwa na halmashauri yenyewe. Huko Chicago na Minneapolis nchini Marekani mzigo huo huachiwa mwenye nyumba, na Minneapolis humpa mwenye nyumba ya kawaida saa 24 baada ya theluji kukoma. Utaratibu huo ni wa bei nafuu kwa mji, lakini njia hukatika kila mahali penye mwenye nyumba mzembe, mgonjwa au aliyesafiri, na njia iliyokatika mahali pamoja haimfai mtu wa kiti cha magurudumu.

Mji mdogo wa Karlskoga nchini Sweden ulikwenda mbali zaidi mwaka 2011 ulipogeuza mpangilio wa kusafisha, ukatanguliza njia za miguu na zile zinazoelekea shule za chekechea, kisha barabara kuu. Hoja ilikuwa kwamba gari hupita katika theluji ya sentimita kadhaa bila taabu kubwa, ilhali anayesukuma kigari cha mtoto hukwama, na wengi wa wanaofanya hivyo ni wanawake. Tena, katika miji ya Sweden walioumia kwa utelezi wamekuwa zaidi watembea kwa miguu kuliko madereva. Halmashauri yoyote inayopanga bajeti ya majira ya baridi inapaswa kuziandika njia za miguu katika mstari wa kwanza wa ratiba yake, na kuzitengea mashine na madereva wake yenyewe.