Gunia la makala darasani: mada za insha juu ya maisha ya kila siku

Mwanafunzi wa sekondari mjini Lubumbashi akipewa mada isemayo «Eleza umuhimu wa maji katika maisha ya binadamu», ataweza kujaza ukurasa mzima bila kutazama bidoni hata moja la nyumbani kwao. Ataanza kwa kusema kuwa maji ni uhai, atataja kunywa, kupika, kufua na kuoga, kisha ataiomba serikali ichimbe visima. Lugha yake huenda ikawa safi, lakini insha hiyo ingaliweza kuandikwa na mtoto wa mji wowote.

Kosa si lake. Neno «umuhimu» limekwisha kumpa jibu: linamwamuru asifu. Mada za namna hii zimezoeleka kwa sababu zinafanana na insha ya Kifaransa ya Mtihani wa Taifa, mtihani ulioanzishwa mwaka 1967, ambamo mtahiniwa hujadili kauli ya jumla. Zoezi hilo lina faida yake, wala hatulipingi. Ila kujadili kauli na kusimulia jambo lililoonwa ni kazi mbili, na anayeitaka ya pili asiiombe kwa maneno ya ile ya kwanza.

Tuchukue mfano wa makala. Si makala haya tunayoyaandika, bali yale ya kupikia, yaingiayo mjini juu ya baisikeli katika magunia marefu kupita kimo cha mwenye kuyasukuma. «Faida na hasara za makala» itaturudisha kwenye maji ni uhai. Lakini tukiandika hivi: «Umeme umekatika jioni, na makala yaliyobaki hayatoshi kupikia bukari na sombe pamoja. Simulia tangu saa hiyo hadi watu walipolala: nani aliamua, nani alitumwa, nani hakuridhika», tutakuwa tumempa mwanafunzi saa, watu na upungufu. Upungufu ndio kiini, kwa kuwa huwalazimisha watu kuchagua. Hapo ataandika mambo ambayo nyumba nzima huyajua bila kuyatamka: kwamba mama hupima makala kwa jicho, kwamba binti hutumwa dukani huku kaka yake akiachwa asome, kwamba jirani akopeshaye leo atakumbusha kesho.

Sarufi nayo hupata kazi. Katika insha ya maji karibu kila kitenzi kimekaa katika hu- au -na-. Katika insha ya makala mwanafunzi atahitaji -li- ya kuanzia, -ka- ya kufuatanisha matendo, -ki- ya sharti, na -nge- kwa yule anayenung'unika kuwa wangenunua gunia zima tangu mwanzo wa mwezi. Mwalimu atakuwa na kitu cha kusahihisha.

Swali la msamiati ni gumu zaidi. Vitabu vya Kiswahili sanifu vinasema ugali, kisamvu, jiko la makaa. Nyumbani mtoto anasikia bukari, sombe, mbabula. Wako walimu wanaoyafuta maneno haya kwa wino mwekundu, na mwanafunzi hujifunza upesi kwamba kwao hakuandikiki. Kwa maoni yetu, jina la kitu libaki kama mji unavyolitamka, na usanifu udaiwe katika sarufi: «bantu» iwe «watu», na upatanisho wa ngeli ufuatwe. Historia ya mji wa Elisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, iliandikwa kwa Kiswahili cha hapa hapa. Inawezaje basi lugha iliyobeba kumbukumbu ya miaka mingi ya kazi ishindwe kubeba chakula cha jioni?

Kuna hatari ambayo wapenzi wa mada hizi huisahau. Wakati wa mazoezi ya ualimu tuliwahi kutoa mada «Simulia mlichokula jana jioni». Mwanafunzi mmoja alirudisha karatasi yenye jina lake tu. Tulimpa sifuri, wala hatukumwuliza lolote. Tangu hapo tunaandika «katika nyumba moja ya mtaa wenu», ili anayetaka kujisemea ajisemee, na anayetaka kujificha nyuma ya jirani ajifiche. Wala insha haisomwi kwa sauti bila idhini ya mwenyewe.

Mada nyingine iliyotufaa inahusu soko la Kenya: meka ya muuza unga imebondwa kitako, na mteja wa kwanza kugundua ni mtoto. Amwambie nani, na kwa maneno gani, ilhali muuzaji ni rika la bibi yake? Kabla ya kuipeleka darasani tuliiandikia wenyewe kwa robo saa. Mistari mitatu ya kwanza ilikuja bila taabu. Maneno ya mtoto kwa mama yule wa unga tuliyafuta mara nne.